Redio ya Nyumbani: Tutafute Neno, Tusitafute Ngurumo

Mazungumzo haya yalisikika redioni juma hili. Tunayachapa kwa faida ya wale waliokuwa shambani au safarini.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Walikuwa wakiwasema watu, lakini leo naomba tuuazime msemo huo tuuelekeze kwenye chombo kilichomo katika nyumba zetu nyingi, nacho ni redio. Kijana wa siku hizi akipata fedha kidogo baada ya kuuza mahindi au ufuta, jambo analolikimbilia ni kujiundia muziki wa nyumbani: redio ya gari, betri, spika mbili kubwa, na akijaliwa zaidi, sabufa juu yake. Si jambo baya. Lakini tujiulize: chombo hicho kikishawashwa, je, maneno ya mtangazaji yanasikika?

Swali hili lilinijia Misima, kata iliyomo katika Wilaya ya Handeni, mkoani Tanga. Nilifika jioni kwa mzee mmoja ninayefahamiana naye miaka mingi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Ila usiniulize habari za shamba."

Ndugu msikilizaji, mtu akikukataza kumwuliza jambo, ujue kwamba analo la kusema. Baada ya maji na maongezi mawili matatu, alianza mwenyewe. Mpwa wake, kijana anayejishughulisha na ufundi mjini, alimletea zawadi ya redio ya gari pamoja na spika mbili za inchi 12 zilizotiwa ndani ya makasha makubwa ya mbao. "Mjomba," alimwambia, "hii sasa ndiyo redio. Ile yako ndogo wape kuku watagie." Watu wakacheka, na ile redio ndogo ya betri za tochi ikapandishwa darini.

Ikafika siku ya kutangazwa utabiri wa mvua za vuli. Kila mkulima anajua kwamba watabiri wetu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa huzungumza kwa vipimo vitatu: mvua za juu ya wastani, mvua za wastani, na mvua za chini ya wastani. Nyumba nzima ilikusanyika sebuleni. Sauti ikaongezwa, bati likatetemeka, na katikati ya ngurumo ile wakasikia "wastani hadi", kisha mvumo, kisha tena "wastani". Mpwa akasema, "Amesema juu ya wastani." Mama mwenye nyumba akasema, "Mimi nimesikia chini." Wakabishana, taarifa ikapita.

Binadamu hupenda kusikia lile analolitamani. Mzee alishika neno la mpwa wake, akapanda ekari zote tatu mahindi ya muda mrefu. Mvua zilichelewa kuanza na zikawahi kukatika. Alivuna magunia mawili. "Ningelisikia neno lile moja," aliniambia, "ekari moja ningeitia mtama, na nyingine mihogo. Watoto wasingelala na uji."

Neno moja, ndugu msikilizaji. Juu, au chini. Mvua haikuwa na hila, na utabiri ulitangazwa kwa wakati wake. Kilichokosekana ni chombo cha kulifikisha neno hilo masikioni, na chombo hicho kilikuwa kimegharimu fedha nyingi kuliko redio zote za kijiji.

Asubuhi yake tulikaa na yule kijana tukakifungua kile chombo kipande kwa kipande. Nitaeleza tuliyoyakuta, maana naamini yamo katika nyumba nyingi.

Tulianzia kwenye antena, na hapo ndipo kila mtu angepaswa kuanzia. Tulikuta kipande cha waya urefu wa kiganja kimechomekwa nyuma ya redio, kinaning'inia ndani ya nyumba chini ya bati. Bati ni ukuta kwa mawimbi ya redio. Isitoshe, mawimbi ya FM husafiri karibu kama mwanga wa tochi: yakikuta kilima hukatika, na nyuma ya kilima hubaki kivuli. Mawimbi ya kati yana tabia nyingine, kwani hutambaa juu ya ardhi, na usiku hurudishwa chini na tabaka za juu za anga, ndiyo maana usiku wa manane unapata vituo vya nchi za mbali. Lakini kwa FM, mtu aliye mbali na mtambo husaidiwa na urefu wa mlingoti kuliko ukubwa wa redio.

Hesabu ya antena ya FM ni nyepesi. Chukua 300, igawe kwa namba ya kituo unachokitaka, na jibu ndilo urefu wa wimbi kwa mita. Kituo kilicho kwenye 100 kina wimbi la mita 3, na robo yake ni sentimita 75. Kata vipande viwili vya waya wa shaba, kila kimoja robo ya wimbi pungufu kidogo, tuseme sentimita 71. Vifunge juu ya ubao kwa mstari mmoja, kimoja kushoto na kingine kulia, ncha zao za katikati zisigusane. Chukua waya wa antena ya televisheni. Uzi wake wa ndani uunge kwenye mkono mmoja, na wavu wake wa nje kwenye mkono wa pili. Upande wa redio, uzi wa ndani uende kwenye ncha ya plagi ya antena na wavu uende kwenye ganda lake. Pandisha ubao huo juu ya mti au mwanzi wa mita tano au sita, ukae kama mtu aliyenyoosha mikono akikitazama kituo. Ikiwa kituo hakijakaa sawa, simamisha mikono hiyo wima ujaribu tena.

Ninatoa tahadhari mbili. Mlingoti usiwe karibu na nyaya za umeme hata ukianguka usizifikie. Na wingu la radi likitanda, chomoa plagi ya antena mapema na uitupe nje ya nyumba.

Pale Misima tuliyafanya hayo kabla ya kugusa kitu kingine. Mvumo ulipungua nusu, na yule kijana akanyamaza kidogo.

Mvumo uliobaki ulitokana na lile neno lenyewe analolipenda kila muuzaji, yaani stereo. Kituo cha FM kinachotangaza kwa stereo hupeleka mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni jumla ya sauti ya kushoto na ya kulia. La pili ni tofauti kati ya sauti hizo mbili, na redio hutumia tofauti hiyo kuzitenganisha tena. Sehemu hii ya pili ndiyo inayodhurika upesi mawimbi yakiwa hafifu, nayo huja na mvumo kama wa mvua juu ya bati. Sasa mtangazaji anayesoma habari ni mtu mmoja mwenye kinywa kimoja. Sauti yake ni ile ile kushoto na kulia. Kwa hiyo unapokuwa mbali na mtambo, bonyeza kitufe cha mono. Muziki utapoteza upana wake, lakini maneno yatasafika. Hapo hujapunguza hadhi ya redio yako hata kidogo. Kituo kilicho karibu utakisikiliza kwa stereo, na cha mbali kwa mono.

Kisha tukageukia spika. Tulikuta moja imeungwa kinyume: waya wa chanya umekwenda kwenye hasi. Spika mbili zikiwa hivyo, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na sauti ya mtangazaji haikai mahali, inaelea chumbani. Kuna njia ya kupima isiyohitaji chombo. Chukua betri moja ya tochi, gusisha nyaya zake kwenye spika kwa nukta moja tu. Karatasi ya spika ikiruka kuja mbele, ule upande uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Utie alama ya rangi.

Kwenye redio nyingi za gari, waya mweupe na mweupe wenye mstari mweusi ni wa spika ya mbele kushoto, na waya wa kijivu na wa kijivu wenye mstari mweusi ni wa spika ya mbele kulia. Wenye mstari ndio hasi. Wa njano na mwekundu hupokea chanya ya betri: wa njano hutunza kumbukumbu ya vituo, na mwekundu ndio unaoiamsha redio, hivyo huo ndio utakaoutilia swichi. Mweusi ni hasi ya betri. Hata hivyo, soma kwanza karatasi iliyobandikwa juu ya redio yenyewe, kwa kuwa watengenezaji hawalingani wote. Na kamwe usiunge hasi ya spika kwenye hasi ya betri au kwenye bodi ya redio, ukidhani hasi zote ni ndugu. Kwenye redio nyingi za gari za siku hizi utaiunguza.

Spika zenyewe zilikuwa za inchi 12, za besi tupu. Hapa ndipo lilipopotea neno la mzee. Simu ya mezani tangu zamani hupitisha mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 hivi kwa sekunde, na bado tunaelewana, hata sauti ya shangazi tunaitambua. Maana yake ni kwamba maneno hayakai katika besi. Besi hubeba uzito wa sauti, lakini zile sauti kali za konsonanti zinazotenganisha neno na neno zimo juu, na spika kubwa ya besi haiwezi kuzitoa vizuri. Ukiongeza sauti, unaongeza ngurumo tu.

Kwa sebule ya kawaida, spika ya gari ya inchi 6 yenye kispika kidogo katikati yake inatosha kabisa. Itengenezee kasha la mbao nene lenye nafasi ya ndani ya sentimita 40 kwa 25 kwa 20, yaani lita 20. Ziba kila ufa kwa gundi. Ndani tia sufi kiasi, isibanwe. Spika iliyoachwa wazi bila kasha hupoteza besi zake, kwa kuwa hewa ya nyuma huzunguka na kuifuta ya mbele. Wapo wanaoiweka juu ya mdomo wa mtungi. Hilo huongeza mvumo, lakini mtungi una sauti yake mwenyewe na huishikilia hiyo hiyo kwa kila wimbo.

Mtu ataniuliza: je, wati zitatosha? Ndugu msikilizaji, wati ndizo zinazowaliza wengi. Ukiona kasha limeandikwa wati 3,000 na herufi PMPO, ujue hiyo ni namba ya tangazo la biashara. Herufi za kutafuta ni RMS. Redio ya gari iliyoandikwa wati 50 mara 4, kwa betri ya volti 12 na spika za omu 4, kwa kweli hutoa wati 15 hadi 20 hivi kwa kila spika. Na kwa kusikiliza habari sebuleni, wati moja ni sauti ya kutosha. Usiunge spika mbili za omu 4 sambamba kwenye tundu moja ukitafuta kishindo. Mzigo utashuka hadi omu 2 na redio itachemka.

Lililofuata ni betri. Wapo wenye umeme wa gridi, na kwao kuna vigeuzi vya kutoa volti 12. Wengine tunategemea betri ya gari na jua. Tulipima betri ya mzee tukakuta volti 11.8. Betri ya namna hiyo ikiwa imejaa na kutulia husoma 12.7 hivi, ikifika 12.2 imebaki nusu. Iliyochoka huifanya redio ikoroge maneno pale sauti inapopanda, na ikizoeshwa kushuka hivyo haidumu. Hesabu yake ni hii: betri ya ampea 50 kwa saa, ukitumia nusu yake tu, inakupa 25. Redio kwa sauti ya wastani hula ampea 1 hivi, kwa hiyo una saa 25 za kusikiliza. Ukiipandisha ikatikisa bati, italla ampea 4 au 5, na saa zako zitakuwa 5 au 6. Paneli ya wati 20 katika jua kali hutoa ampea 1 hivi. Kwa saa tano za jua jema umerudisha matumizi ya jioni moja. Tumia kidhibiti chaji. Tia fyuzi kwenye waya wa chanya karibu kabisa na betri, maana betri ya gari ikipigwa shoti inaweza kuunguza nyumba. Na usichaji betri ya maji katika chumba cha kulala, kwani hutoa hewa inayoweza kulipuka.

Mwisho tulipanga chumba. Nyumba ya bati na sakafu ya saruji hurudisha mwangwi kuliko ile ya udongo na nyasi. Mkeka sakafuni na pazia ukutani vilisaidia. Spika tuliziondoa pembeni mwa kuta, ambako besi hujikusanya, tukaziinua zilingane na masikio ya mtu aliyeketi, zikiachana mita mbili, na kiti cha mzee kikawa umbali huo huo kutoka kila moja. Taa na chaja za bei nafuu zilizokuwa zikivuma tuliziweka mbali na redio.

Ndipo tukafanya mtihani, na huu naomba kila mmoja wetu aufanye leo jioni. Punguza besi, punguza sauti iwe kama ya mtu anayezungumza nawe. Mwombe mtu asimame mlangoni pa jikoni ayarudie maneno ya mtangazaji sentensi kwa sentensi. Akiyarudia bila kubahatisha, una redio. Mama mwenye nyumba alisimama huko na mwiko mkononi, akazirudia habari zote, mpaka majina ya watu. Kisha akamtazama yule kijana akasema, "Sasa nimesikia, baba." Kijana akainamisha kichwa.

Kuna jambo moja zaidi. Utangazaji katika nchi hii ulianza mwaka 1951, Sauti ya Dar es Salaam ilipofungua mitambo yake. Redio zilikuwa chache, na kijiji kizima kiliweza kuizunguka moja. Mwaka 1973 ilipoendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, watu takriban milioni mbili walijiunga katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Wengi wao walisikiliza redio ndogo zenye spika moja isiyozidi kiganja. Haikutikisa bati la mtu, lakini ilichimba vyoo.

Simwambii mtu asinunue muziki wa kuchezea. Harusi zina haki yake, na kijana ana haki ya kufurahia jasho lake. Ninachosema ni kwamba tuipange matumizi yetu kwa utaratibu: kwanza antena, pili betri iliyo nzima, tatu spika zinazosema, na ngurumo iwe ya mwisho kama fedha imebaki. Redio ya nyumbani ni sikio la nyumba nzima. Kwa sikio hilo tunasikia mvua inayokuja, kipindupindu kilichoingia wilaya ya jirani, siku ya chanjo, na msiba wa ndugu aliye mbali.

Nilipoaga, mzee alikuwa ameiteremsha ile redio ndogo kutoka darini, anaifuta vumbi. Nilimwuliza ya nini tena ilhali ile kubwa imekwisha kutengenezwa. Akanijibu, "Hii nitakwenda nayo shambani. Mwaka huu nataka nilisikie neno mara mbili."